Vita vya Kete Sitini na Nne: Mabadiliko ya Kanuni za Bao kutoka Maziwa Makuu hadi Pwani

Michezo ya ubao iko ya namna nyingi, lakini kwa makusudi ya makala haya yatosha kutenga jamii moja tu, nayo ni ile ya michezo ya vita. Katika jamii hii kila mchezaji ni amiri jeshi. Kazi yake si kuwahi mahali fulani kabla ya mwenzake. Kazi yake ni kutunza askari, kulinda nchi, kuchagua wakati wa kushambulia, na hatimaye kumwondolea adui uwezo wa kuendelea. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz wa Prussia alimpelekea mfalme wake meza ya mchezo wa namna hii. Mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa afisa wa jeshi, aliurekebisha ukawa chombo cha kufundishia maafisa. Na vijana wa leo waliobahatika kuwa na kompyuta wanaijua michezo mirefu zaidi, ambamo mchezaji huendesha dola nzima kwa karne kadhaa. Mfano ni ule uitwao Europa Universalis, ulioanza kama mchezo wa mezani huko Ufaransa mwaka 1993, ukaingizwa katika kompyuta na Waswidi mwaka 2000, kisha ukatolewa upya mwaka 2001, 2007, 2013 na 2025. Toleo la kwanza la kompyuta lilihusu miaka ya 1492 hadi 1792. La nne lilianza 1444 na kuishia 1821.

Mfuatano wa michezo kama huo ni rahisi kuuchunguza, kwa sababu kila toleo lina tarehe na watengenezaji wake wanajulikana. Anayetaka kujua ni kanuni ipi iliongezwa na ipi ilitupwa huyaweka matoleo mezani kwa mpango wa miaka na kuyalinganisha. Sisi katika Afrika ya Mashariki tunao mfuatano mwingine wa michezo ya vita, mkongwe kuliko hiyo yote, ambao hauna tarehe wala mwandishi. Matoleo yake hayakuja moja baada ya jingine dukani. Yapo yote kwa wakati mmoja, yametawanyika vijijini kuanzia Buganda hadi Zimbabwe na kuanzia Kongo hadi Unguja. Mchezo wenyewe ni bao. Swali la makala haya ni hili: ikiwa hatuna tarehe, twawezaje kujua namna mchezo ulivyobadilika?

Nyanda za juu za Kigoma ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili, na hasa Kitanga, katika wilaya za Kibondo na Kasulu. Upande wa magharibi iko Burundi, ambako mchezo huitwa ikibuguzo. Kaskazini-mashariki, mbali kidogo, wako Wasukuma na isolo yao. Kusini iko Ujiji, kituo cha zamani cha misafara ya pwani, mahali ambapo Kiswahili na mambo ya Waswahili vilikwishatia mizizi kabla Burton na Speke hawajafika mwaka 1858. Basi mtu wa Kitanga amesimama kwenye njia panda ya matoleo matatu.

Majina

Wataalamu wa ng'ambo huiita jamii yote ya michezo hii mankala, neno la Kiarabu litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuhamisha. Msomaji wetu hulitamka tawi la shina hilohilo kila anaponakili somo kutoka ubaoni. Jina hilo, hata hivyo, lisimpoteze mtu akadhani kwamba mchezo wenyewe umetoka Arabuni. Jambo hilo tutalirudia.

Mbao za mankala ziko za aina mbili kuu. Ziko zenye safu mbili za mashimo, kama ajua ya Wajaluo, enkeshui ya Wamasai, gebeta ya Ethiopia na wari ya Afrika Magharibi. Na ziko zenye safu nne, ambazo makao yake hasa ni Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini: omweso wa Buganda, igisoro ya Rwanda, ikibuguzo ya Burundi, isolo ya Usukuma, kisolo ya Waluba wa Kongo, nsolo ya Zambia na Malawi, tsoro ya Zimbabwe, bawo ya Malawi na bao la pwani yetu. Yatazame majina hayo: igisoro, isolo, kisolo, nsolo, tsoro. Katika lugha za Kibantu sauti r na l hubadilishana kwa urahisi, na viambishi vya mwanzo hubadilika kwa kufuata ngeli. Ukivitoa hivyo, unabaki na shina moja, -solo au -soro, lililoenea katika nchi zilizo mbali mbali sana. Jina bao ni la namna nyingine kabisa. Ni neno la kawaida la Kiswahili litokanalo na ubao, na limeenea pwani na mahali palipofikiwa na watu wa pwani. Kwa hiyo, kabla hatujaziangalia kanuni zenyewe, majina yanatuonyesha tabaka mbili, moja pana la bara na jingine la pwani. Huo ni ushahidi, ila ni ushahidi dhaifu, kwa maana jina huazimwa peke yake bila ya mchezo, na mchezo huazimwa bila ya jina.

Sheria ya 64

Matoleo makubwa ya safu nne yanakubaliana katika mambo kadhaa. Ubao una mashimo 32, yaani safu 4 zenye mashimo 8 kila moja. Kete ni 64, na kila mchezaji huanza na 32. Safu mbili zilizo karibu naye ni nchi yake, nayo haivukwi. Askari wa upande mmoja hawaingii katika mashimo ya upande wa pili. Kete huchukuliwa zote kutoka shimo moja na kupandwa, yaani kuangushwa moja moja katika mashimo yanayofuata. Ya mwisho ikianguka katika shimo lenye kete, mwendo unaendelea. Ikianguka katika shimo tupu, mwendo unalala.

Lakini tofauti kubwa zaidi kati ya michezo hii na ile ya safu mbili iko katika hatima ya mateka. Katika wari, kete zilizoliwa hutolewa ubaoni na kuwekwa akiba, na mwisho huhesabiwa kama mapato ya biashara. Katika bao na ndugu zake, mateka hageuki kuwa mali. Anageuka kuwa askari wa aliyemteka, na mara hiyohiyo hupandwa katika nchi yake mpya. Hakuna afaye. Idadi ya kete ubaoni, mara zote zinapokwisha kuingia, ni 64 tangu mwanzo hadi mwisho, na mwalimu wa fizikia anayefundisha juu ya kiasi kisichopotea hana haja ya kutafuta mfano mwingine. Jambo hili ndilo linalofanya bao liwe mchezo wa mbinu kuu na si wa hesabu ya faida. Mtu aliyebakiwa na kete 9 anaweza kugeuza vita kwa zamu moja, kwa sababu nguvu zote zilizompiga bado ziko palepale mbele yake, zinatekeka.

Shimo moja au mawili

Sasa tuje kwenye tofauti. Iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni idadi ya mashimo yanayoliwa.

Katika omweso na igisoro, kete ya mwisho ikianguka katika shimo la safu ya mbele lenye kete, mchezaji hutazama mashimo mawili ya adui yanayolikabili, la mbele na la nyuma. Yakiwa yote mawili yana kete, huzichukua zote. Likiwa moja ni tupu, hali kitu. Katika bao la pwani hutazamwa shimo la mbele tu. Likiwa na kete, zinaliwa hizo, na safu ya nyuma haiguswi kamwe.

Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini inazaa aina mbili za ukamanda. Mchezaji wa bara hana mahali palipo salama kwa asili yake. Hazina aliyoificha nyuma inaweza kutekwa, isipokuwa kama shimo la mbele yake ni tupu. Basi kinga yake kubwa ni kukimbia: anahamisha askari wa mbele, anaiacha nchi wazi, na adui anayefika hapo hapati kitu mbele wala nyuma. Mchezaji wa pwani hawezi kufanya hivyo kwa urahisi. Safu yake ya nyuma ni ngome isiyovunjika, ila akiishiwa kete zote za mbele ameshindwa palepale, hata kama nyuma anazo 30. Lazima ashike mstari. Wa bara hupigana vita vya kuhama, wa pwani vita vya kulinda mpaka.

Tofauti ya pili ni mahali pa kupandia mateka. Bara, mateka hupandwa kuanzia shimo linalofuata lile ambalo mzunguko huo ulianzia, jambo linalomlazimu mchezaji kukumbuka alikotoka hata akiwa katikati ya mwendo mrefu. Pwani, mateka hupandwa kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, la kulia au la kushoto. Ikiwa zimeliwa kwenye kichwa chenyewe au shimo lililo jirani nacho, hupandwa kuanzia kichwa cha upande huohuo. Ikiwa zimeliwa kati, mwendo ulioanza huendelea na upande wake. Bali ulaji wa kwanza wa zamu humpa mchezaji hiari ya kuchagua kichwa. Kutokana na hayo mwendo wa pwani huenda pande zote mbili, kulia na kushoto. Wa bara kwa kawaida huenda kinyume cha mishale ya saa, ingawa katika omweso mashimo manne ya mkono wa kushoto yanaruhusiwa kurudi nyuma endapo kurudi huko kunaleta ulaji mara moja.

Neno kichwa linastahili dokezo. Baganda nao wana vichwa vyao. Mchezaji wa omweso akila mashimo ya ncha zote mbili za adui kwa zamu moja, ameshinda papo hapo, na ushindi huo huitwa emitwe ebiri, yaani vichwa viwili. Huko kichwa ni kitu cha kukatwa, na pwani ni mlango wa kuingizia askari, lakini mfano wa mwili ni uleule, kana kwamba ubao ni mtu aliyelala.

Akiba ya pwani

Kama bao lingekuwa limetolewa kwa matoleo, toleo la pwani lingetangazwa kwa jambo moja: namua. Katika michezo mingi ya safu nne, vita huanza jeshi lote likiwa ubaoni. Omweso humruhusu mchezaji kuzipanga kete zake 32 apendavyo, lakini akishazipanga zote zimo. Katika bao la Kiswahili la Unguja, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: 6 katika shimo la mraba liitwalo nyumba, ambalo ni la nne kutoka mkono wake wa kulia katika safu ya mbele, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba. Nyingine 22 ziko akiba. Kila zamu anatia kete moja kutoka akiba, na kama iko nafasi ya kula ni lazima ale. Kama haiko, anatakata tu, yaani anapanda bila kula. Akiba ikiisha kwa wote wawili, yaani baada ya zamu 44 ikiwa hakuna aliyeanguka mapema, mchezo unaingia awamu ya pili iitwayo mtaji, ambamo kete huchukuliwa ubaoni kutoka shimo lolote lenye kete 2 au zaidi.

Tazama jinsi kanuni moja inavyobadilisha tabia ya vita vizima. Awamu ya namua ni wakati wa kuandikisha askari huku mapigano yakiendelea. Swali si tu ni wapi pa kupiga, bali ni wapi pa kuongeza nguvu. Nyumba nayo ina sheria zake: mwendo ukiishia ndani yake bila kula, mchezaji ana hiari ya kuilala au kuitembeza, na akishaitembeza, hadhi yake imekwisha. Watu wa ufundi wa vita wangeiita makao makuu. Wapo wachezaji wa bao waliozeeka kwenye baraza ambao hupima ubora wa mtu kwa jambo hilo moja, kwamba ameitunza nyumba yake mpaka lini. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye alikuwa mpenzi mkubwa wa mchezo huu, bila shaka alilijua vizuri.

Kipi cha kale?

Hapa ndipo penye mtego, nami nawaomba walimu wakae hapa kidogo pamoja na wanafunzi.

Liko bao liitwalo la kujifunza. Kila shimo hutiwa kete 2, hakuna namua wala nyumba, na watoto hulicheza kabla ya kufundishwa lile kubwa. Ni rahisi mno kusema: hili ni sahili, kwa hiyo ndilo la kale, na lile la watu wazima limekua kutokana nalo. Hoja hii haisimami. Kitu sahili kinaweza kuwa mzazi wa kile chenye mambo mengi. Kinaweza vilevile kuwa kifupisho chake, kilichotengenezwa baadaye kwa ajili ya watoto. Usahili peke yake hauna saa ndani yake.

Vitu vya kushikika navyo husaidia kwa kiasi tu. Katika Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali palipochimbuliwa na Mary Leakey kuanzia mwaka 1937, yako mashimo ya bao yaliyochongwa katika mwamba. Lakini mwamba ulikuwapo kabla ya mchongaji, na shimo halibaki na mkaa wala mfupa wa kupimwa umri. Mchungaji wa juzi angeweza kulichonga kando ya kaburi la miaka elfu. Kwa upande wa maandishi tuna bahati zaidi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao; hivyo twajua kwa hakika kwamba kabla ya mwaka huo mchezo ulikuwa umezoeleka pwani kiasi cha mshairi kuutumia akitarajia kueleweka.

Njia iliyobaki ni ramani. Mwaka 1979 Philip Townshend alichapisha uchunguzi wa mtawanyiko wa mankala katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, na njia hiyo ya kupanga kanuni juu ya ramani ndiyo ninayoifuata. Chukua suala la Uarabuni. Huko Oman unachezwa mchezo wa safu nne uitwao hawalis, wenye mashimo 7 katika kila safu na kete 2 katika kila shimo. Wapo wanaoutaja kama uthibitisho kwamba bao letu lilikuja na majahazi. Lakini safu nne zimejaa Afrika kuanzia Ziwa Viktoria hadi kusini ya mto Limpopo, kwa namna nyingi zinazotofautiana, hali Arabuni kote mbao za kawaida ni za safu mbili, na zile za safu nne zinapatikana Oman, nchi iliyounganishwa na Unguja kwa utawala, biashara na ndoa. Mahali penye aina nyingi za kitu kwa kawaida ndipo kilipokaa muda mrefu zaidi. Mtaalamu wa mimea hutumia hoja hiyohiyo kutafuta asili ya zao. Kwa ushahidi huo, majahazi yaliubeba mchezo, ila kwa kurudi.

Bado iko tahadhari moja. Si kila mfanano ni dalili ya undugu. Kanuni nyingine ni za lazima: kwamba mwendo unalala katika shimo tupu hakuhitaji mwalimu, kwani palipokuwa patupu hapana mzigo wa kuendelea nao. Makabila mawili yasiyojuana yanaweza kufikia hapo kila moja kivyake. Kanuni nyingine ni za hiari. Kuanzia kupanda kwenye kichwa, au kutaka mashimo yote mawili yawe na kete ndipo yaliwe, hakulazimishwi na kitu chochote. Watu wawili wakikubaliana katika jambo la hiari, na la pili, na la tatu, ndipo inapokuwa vigumu kuamini kwamba ni bahati. Kama kila kanuni ya hiari ina njia mbili zinazowezekana sawa, uwezekano wa kukubaliana katika kanuni 5 kwa bahati tu ni 1 katika 32.

Mwendo usiokwisha

Wachezaji wa omweso wanajua kwamba upandaji unaweza kuendelea muda mrefu mno. Je, unaweza kutokwisha kabisa? Mwanafunzi anaweza kulijibu swali hili mwenyewe kwa mashimo 2 na kete 4, bila ya ulaji wowote.

Tia kete 3 katika shimo A na 1 katika shimo B. Chukua zile 3 za A, upande: B, A, B. Sasa B ina 3 na A ina 1, na kete ya mwisho imeanguka mahali palipokuwa na kete, basi lazima uendelee. Chukua 3 za B, upande: A, B, A. Umerudi ulikoanzia. Mkono wako hautapumzika milele. Ongeza kete moja tu ziwe 5, uzigawe upendavyo, uanze na shimo lolote lenye kete: kila njia hufika mwisho. Kwa mfano 3 na 2: mwendo unapita A, B, B tena, kisha unalala, A ikiwa na 4 na B na 1. Jaribuni pia kete 6, halafu 7, na mwandike matokeo katika jedwali. Kanuni nyepesi kiasi hiki yatoa tabia isiyotabirika kwa kutazama tu, na ndiyo maana mchezo usio na dadu hata moja huweza kumshangaza bingwa.

Kuhusu ukubwa wa uwanja wenyewe, wanafunzi wa kidato cha tano wanaojua michaguo wanaweza kukadiria. Panga kete 64 na kuta 31 katika mstari mmoja. Kila mpango ni njia moja ya kugawa kete katika mashimo 32. Nafasi ni 95, na unachagua 31 za kuta. Jibu linakaribia 10 kwa kipeo cha 25. Mwaka 2002 wataalamu wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, walitumia kompyuta zilizounganishwa zenye prosesa 144 kuumaliza mchezo wa awari, ambao ni wari ya mashimo 12 na kete 48. Walipitia hali 889,063,398,406 na kuthibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Bao lina mipango inayoizidi idadi hiyo kiasi cha mara trilioni 10. Si yote inayofikika katika mchezo halisi, na namua inaongeza mambo yake. Lakini hata ukipunguza sana, kompyuta haina njia ya kulimaliza kwa kuhesabu kila kitu. Mabingwa wa Unguja, ambao Alex de Voogt aliwachunguza katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995, hawahesabu kila kitu. Wanajua nini cha kutohesabu.

Kazi ya Kitanga

Shule za Kibondo na Kasulu zinaweza kufanya utafiti wa kweli juu ya jambo hili kwa muhula mmoja na bila gharama. Nendeni kwa wazee wanaocheza, katika vijiji vingi iwezekanavyo, vilivyo kando ya mpaka na vilivyo kando ya barabara ya Kigoma. Msiwaulize historia ya mchezo, kwa maana kila mtu atawaambia kwamba ni wa babu zake, na hatakuwa anasema uongo. Ombeni wacheze, nanyi mtazame. Je, kete zote zimo ubaoni mwanzoni, au nyingine ziko mkononi? Huliwa shimo moja au mawili? Mateka hupandwa kuanzia kichwani au pale mzunguko ulipoanzia? Mwendo ni wa upande mmoja au pande mbili? Mtu hushindwa kwa kuishiwa safu ya mbele, au kwa kukosa shimo lenye kete 2? Andikeni pia majina kama yanavyotamkwa, kwa Kiha au Kiswahili: jina la ubao, la kete, la kula, la kulala. Msiyasahihishe yafanane na ya kitabuni.

Majibu matano ya kila kijiji yawekwe juu ya ramani, rangi moja kwa kila kanuni. Ikiwa rangi zote zinabadilika mahali pamoja, mmeupata mpaka kati ya matoleo mawili. Ikiwa kila moja inabadilika mahali pake, basi kanuni zimesafiri moja moja, kama maneno. Kumbukeni kuandika mahali mchezaji alikojifunzia na si anakoishi tu, kwani watu wa eneo hili wamehama na kuhamiwa. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ambayo baadaye ilipokea pia wa Burundi, mtu wa kisolo na mtu wa ikibuguzo wamekuwa majirani. Wakikaa kwenye ubao mmoja, lazima mmoja wao akubali kanuni za mwingine, au watunge za tatu. Wakati huo mtakuwa mnalitazama toleo jipya likizaliwa, na tarehe yake mnaweza kuiandika.

Ubao usipopatikana, mashimo 32 ardhini yanatosha. Kete za pwani ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, lakini kokoto na mbegu nyingine hufanya kazi ileile, mradi zisipite 64 wala zisipungue.